Bi R. na Mashati ya Alhamisi

Nianze kwa ukweli: mimi ni mtu mkali, na ukali wangu haujawahi kunisaidia popote isipokuwa darasani. Nafundisha saikolojia, kidato cha tano, katika sekondari ya Colonia Larrechea. Mwalimu mwingine wa karibu wa somo langu yuko kilomita themanini kutoka hapa, na hapokei simu. Miaka ishirini na miwili nimefundisha hivyo, sina wa kumuuliza, sina wa kubishana naye. Walimu wa hesabu wako watatu. Wakati wa mapumziko hukaa meza moja wakichekea mambo yao ya desimali, na mimi nakunywa yerba yangu, majani machungu ya chai ya huku kwetu, peke yangu kando ya dirisha, kibuyu kimoja, bomba moja la kufyonzea.

Zana za kufundishia nilizokabidhiwa na shule ni hizi: ubongo wa plastiki uliokosa kipande cha nyuma, picha ya mbwa na kengele, na kitabu kimoja kilichochapwa wakati nywele zangu bado ni nyeusi. Basi. Ukitaka zaidi, jitungie. Nami nikawa najitungia. Natunga visa: habari fupi ya mtu mwenye jambo lake, nusu ukurasa, na chini yake maswali matano. Wanafunzi wanasoma, wanajadiliana, wanaandika majibu. Visa sita vya kwanza vilikuwa vya kubuni kabisa, na havikuwa na chumvi.

"Mwalimu," Candela Ochoa aliniambia siku moja, binti mwenye mdomo huyo, "huyu Juan wa kwenye karatasi hayupo."

"Unamaanisha nini hayupo?"

"Hayupo tu. Hakuna mtu anaishi hivi. Hata chakula hali."

Darasa zima likacheka. Nikawakaripia, nikarudi nyumbani nimenuna. Lakini yule mtoto alisema kweli. Dawa ya deni ni kulipa, wasemavyo, na mimi nilijiona nadaiwa mtu wa kweli mmoja. Nikakaa mezani jioni ile ile nikaandika kisa cha saba. Sikukibuni. Niliandika habari za dada yangu.

Dada yangu anaitwa Haydée. Amenipita miaka tisa. Wazazi walishakufa, mwanawe wa pekee yuko kusini kwenye visima vya mafuta na hupiga simu sikukuu hadi sikukuu, na mimi sikuolewa wala sikuzaa. Kwa hiyo tulikuwa tumebaki yeye na mimi. Mumewe, Anselmo, alikuwa amekufa miaka miwili nyuma, moyo, akiwa anafunga lango. Tangu hapo kila Alhamisi nikitoka shule nilikuwa nakwenda kwa Haydée. Ndiyo siku pekee ya juma niliyokuwa nakaa na mtu ambaye halipwi kunisikiliza, wala silipwi mimi kumsikiliza yeye. Nasema hivi ili ieleweke nilichezea nini.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi:

"Bi R., miaka sitini na tatu, mjane. Kila Alhamisi alasiri hupiga pasi mashati ya marehemu mumewe. Mwanzoni yalikuwa manne. Sasa yamefika kumi na moja. Huanza na kola, hupiga polepole huku akizungumza mambo ya kawaida: bei ya vitunguu, jirani aliyekata mti. Akimaliza huyatundika kabatini. Halii."

Jina nilibadilisha. Umri nilipunguza. Mji nilisema ni mwingine. Mashati niliyaacha, kwa sababu bila mashati hakuna kisa.

Ee Mungu wangu, kile kisa! Darasa lililokuwa linasinzia liliamka. Candela alisimama juu ya kiti kumtetea Bi R. Kijana mmoja wa nyuma, ambaye tangu Machi sikuwahi kusikia sauti yake, alisema kwamba bibi yake huweka sahani ya babu mezani mpaka leo, na wote wakamgeukia wakamsikiliza. Nilitoka mle ndani karibu nakimbia kwa furaha. Nikakiweka kisa kwenye kundi la walimu wa saikolojia wa mkoa, lile la kwenye simu, ambako kwa kawaida watu hutumiana maua na sala. Kesho yake nikaamka na ujumbe arobaini. "Mwenzangu, zana ya namna hii tumeitafuta miaka!" "Wanafunzi wangu wamelia." "Je, una mwongozo wa majibu?"

Mwongozo ninao, niliwaambia. Niliuandika dakika kumi: ombolezo lisilokwisha, kuukana ukweli, hali inazidi kuwa mbaya, tazama idadi ya mashati, ushauri, apelekwe kwa mtaalamu. Nikautuma. Mwezi Mei watu wa elimu wa mkoa wakaniandikia kwamba Septemba niende makao makuu ya mkoa nikafundishe walimu wenzangu jinsi ya kutengeneza zana bora. Mimi, wa kando ya dirisha. Barua ile niliibandika kwenye mlango wa friji.

Sasa, huku kwetu kila mwalimu ana faili lake kwenye duka la fotokopi. Unamwachia mwenye duka karatasi zako, hata miongozo ya majibu, wanafunzi wanakuja wanasema "saikolojia ya tano", anawatolea nakala. Na aliyekosa kipindi huacha majibu yake humo humo. Duka letu ni la Tito Garmendia. Tito ni mtu mwema na mdomo wake hauna komeo. Wiki ya kwanza ya Juni Haydée alikwenda kutoa nakala za kitambulisho chake, kwa sababu kila mwaka mjane lazima awathibitishie watu wa pensheni kwamba yu hai. Yaliyotokea niliyasikia kwa Tito mwenyewe, baadaye, nilipomvamia dukani.

"Tito, ulimwambia nini dada yangu?"

"Mimi? Nilimpongeza tu! Nilimwambia, Haydée, umeingia kwenye masomo. Mdogo wako kakuandika vizuri, mpaka kola."

"Nani alikuambia kwamba ni yeye?"

"Mwalimu wangu, meza yake ya pasi iko dirishani. Mji mzima unapita pale Alhamisi. Unafikiri haya macho tumewekewa urembo?"

"Ungeweza kunyamaza."

"Ningeweza," alisema Tito, akifunga mashine. "Na wewe ungeweza kutoandika. Mimi nina mdomo tu, Bi Zulema. Kalamu ni yako."

Haydée alichukua nakala, Tito aliniambia, akaisoma pale pale amesimama, akaikunja mara nne, akaitia kwenye mkoba pamoja na kitambulisho, akaaga vizuri.

Alhamisi iliyofuata nilibisha hodi kama kawaida, na keki ya jemu ya maziwa mkononi. Nikabisha tena. Niliona pazia la dirishani likitikisika, na nyuma yake meza ya pasi haikuwepo.

"Haydée, najua upo! Nifungulie nikueleze."

Kimya.

"Nilibadilisha jina!"

Hapo hata mimi nilijisikia mjinga. Jirani wa mbele, yule aliyekata mti, alikuwa anafagia kibaraza kilichokwisha kuwa safi. Niliiacha keki kizingitini nikaondoka. Alhamisi ya pili niliikuta keki pale pale, imeliwa na sisimizi.

Nilikwenda Alhamisi kumi. Wakati wa baridi hapa kwetu upepo hauna cha kuuzuia, unakuja kutoka mashambani unakuingia mpaka kwenye meno. Nilikuwa nasimama pale robo saa, nasema maneno mawili matatu kuuambia mlango, narudi. Simu hakupokea. Nyumbani nilikuwa nawasha redio jikoni na nyingine chumbani, zote mbili kwa pamoja, ili pawe na watu. Nilipata homa Julai, siku nne kitandani, na hakuna aliyejua isipokuwa katibu wa shule, naye alijua kwa sababu ya karatasi ya daktari. Siku moja kati ya hizo nililia kwa sauti kubwa, kilio cha mtoto, na hata huko kulia nikawa najichunguza ni hatua ya ngapi ya huzuni. Mganga hajigangi, na mwalimu wa saikolojia ndiyo kabisa, hata kidonda chake anakiwekea maswali matano.

Na nikiri lingine, kwa sababu nimeahidi ukweli. Kisa nilikiondoa kwa Tito siku ile ile niliyomvamia dukani. Kwenye kundi la walimu nilikiacha. Walikuwa bado wananisifu. Kila jioni nilikuwa na sauti za kunisifu kwenye simu na hakuna sauti nyingine yoyote, nami sikuwa na nguvu ya kuzizima.

Jumapili moja ya Agosti nilikuwa nasahihisha. Tito alikuwa amenipa bahasha ya majibu ya waliokosa kipindi cha somo la kumbukumbu, karatasi saba au nane. Ya tano haikuwa ya kumbukumbu. Ilikuwa nakala ya Bi R., yenye mikunjo minne. Mahali pa jina pameandikwa kwa ule mwandiko wa zamani uliolala, wa kalamu ya wino: "Haydée Berástegui, mjane wa Sosa. Mwenyewe."

Alikuwa amejibu maswali.

Swali la kwanza, taja dalili za Bi R. "Bi R. hupiga pasi mashati, ni kweli. Mashati ya Anselmo ni manne tu, maana alikuwa mtu wa fulana. Yale saba niliyachukua kwenye nguo za msaada za parokia. Mengine yana majina ya watu kwenye kola. Moja ni la mtoto wa komunyo. Aliyemchunguza Bi R. hakuwahi kutazama kola."

Swali la pili, ni njia gani ya kujikinga anayoitumia? "Neno hili sikufundishwa. Mimi niliishia darasa la saba, nikaenda kufua kwa watu ili mdogo wangu asome. Naona alisoma."

Niliweka kalamu chini. Nikainuka nikazima redio zote mbili. Nikarudi.

Swali la tatu, kitendo hiki kinampa Bi R. faida gani? "Dakika. Shati moja ukilipiga vizuri ni dakika saba. Mdogo wake Bi R. hukaa mpaka pasi izimwe. Pasi ikizimwa husema, haya, nikuache upumzike, na huvaa koti. Kwa mashati manne alikuwa anakaa nusu saa. Kwa kumi na moja anakaa saa moja na robo. Bi R. alikuwa anatafuta la kumi na mbili."

Ni kweli. Nilikuwa nasema hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo: haya, nikuache upumzike. Nilidhani ni adabu. Nilidhani namhurumia uchovu wake, na huku nyumbani nilikuwa nakimbilia nini? Redio mbili! Miaka miwili nilihesabu mashati ya dada yangu kwa macho ya kitaalamu, nikaona yanaongezeka, nikasema moyoni, maskini Haydée, anazama. Naye alikuwa ananishikilia mimi kwa kola za watu.

Swali la nne, Bi R. yuko hatua gani ya ombolezo? "Anselmo nilimaliza kumlilia mwaka wa kwanza. Alikuwa mume mwema ila alikoroma. Siku hizi nalala."

Swali la tano, ungeishauri nini familia ya Bi R.? Hapo palikuwa peupe. Mistari sita, haikuguswa.

Kwa mazoea ya mkono nilivuta mwongozo wangu wa majibu. Kwa mwongozo ule, dada yangu angepata mbili kati ya kumi. Karatasi ile ile ilikuwa imekwishasambaa kwenye shule ngapi sijui, pamoja na majibu yangu sahihi, na mahali fulani mkoani mtoto wa watu alikuwa anawekewa vema kwa kuandika kwamba Bi R. amekataa kuukubali ukweli. Nilichukua simu nikaandika kwenye kundi: "Wenzangu, mwongozo wa kisa cha Bi R. si sahihi. Niliukosea wote. Kitupeni. Septemba siji." Dakika haikupita, mmoja akanijibu kwa alama ya kidole gumba na ua.

Ilikuwa saa nane mchana. Huku kwetu saa nane ya Jumapili hubishi hodi kwa mtu hata nyumba yake ikiungua, watu wamelala, na anayebisha husemwa wiki nzima. Nikavaa koti nikaenda. Nilibisha kwa kiganja, kwa nguvu, mpaka mbwa wa mtaa mzima wakaamka.

Mlango ukafunguka, kiasi cha mnyororo. Jicho moja la Haydée, na nusu ya nywele zilizolaliwa.

"Una wazimu? Watu wamelala!"

"Nimeisoma."

"Umechelewa. Niliipeleka tangu Jumatano."

"Tito ndiye kachelewa."

"Tito hachelewi. Angeiona, angekuwa ashakusimulia." Jicho likanitazama toka juu mpaka viatu. Ilikuwa miezi miwili na zaidi sijaiona sura yake. "Umekonda."

"Nilikuwa na homa."

"Ulikunywa nini?"

"Supu ya pakiti."

"Ovyo," alisema. Mnyororo hakuutoa. "Haya, mwalimu. Nimepata ngapi?"

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa amesimama wima nyuma ya mlango ule, mikono imeshika aproni, mtu wa darasa la saba anayengoja alama yake.

"Kumi," nilisema.

"Usinidanganye. Wewe hujawahi kumpa mtu kumi, mji mzima unalalamika."

"Nimekupa wewe."

"Na lile nililoacha wazi?"

"La familia lile. Halikuwa lako kulijibu."

Akatikisa kichwa kidogo, kwamba hilo nimelielewa. Nikaona mlango wa moyo umelegea, nikajiingiza haraka, ndiyo tabia yangu: "Haydée, nisamehe. Nifungulie. Nitakaa mpaka usiku, nitakaa bila mashati, piga pasi usipige pasi—"

"Ngoja. Sijamaliza. Na wewe umepata ngapi?"

"Mimi?"

"Kile kisa ulikifanya wewe kwanza, na majibu uliandika wewe. Tito alinionyesha. Jisahihishe."

Upepo ulikuwa unanipiga mgongoni. Nilifikiri kusema sifuri, lakini yeye ananijua, angejua natafuta huruma. Nikafikiri kwa haki, kama ningekuwa nasahihisha ya Candela. Aliona jambo, nikasema moyoni, aliliandika vizuri, hakulielewa hata kidogo.

"Nne."

"Umejipendelea," alisema, "lakini haya, nne. Huko shuleni kwenu, mtu akipata nne mnamfanya nini?"

"Hajafaulu."

"Mnamfukuza?"

"Hapana. Hafukuzwi. Anarudi Disemba, anafanya mtihani upya."

"Basi rudi Disemba," alisema Haydée.

Na akafunga mlango. Hakuubamiza. Aliufunga taratibu, kwa mikono miwili, nililisikia komeo likiingia mahali pake. Nilibaki pale kizingitini. Agosti, nilihesabu. Septemba, Oktoba, Novemba. Miaka ishirini na miwili nimewaambia watoto wa watu neno hilo bila kuinua macho, Disemba, na sikuwahi kujua liko mbali namna hii.

Nilikuwa nimekwisha kugeuka niliposikia sauti yake kutoka ndani, karibu sana, alikuwa bado amesimama pale pale.

"Na usome, Zulema! Usije hivi hivi ulivyo."

"Nitasoma," niliuambia mlango.

Nikarudi nyumbani kwa miguu, barabara nzima hapana mtu. Nikakaa jikoni na koti langu. Mezani palikuwa na vitabu vyangu vyote, visa vyangu, miongozo yangu yote ya majibu, na sikujua nianzie wapi.